Kapsuli za dada, chupa ya wageni na tumbo lililonishinda barabarani

Nianze na yule kijana wa duka la dawa, maana hasira naye bado ninayo. Jino la nyuma lilikuwa limenivimbisha shavu, daktari wa meno akaniandikia antibiotiki mbili, amoksilini na flajili, nikameza kama alivyosema. Shavu likashuka. Tumbo nalo likafunguka. Nikaingia duka la dawa mtaani kwetu huku Kitunda, Dar es Salaam, nikamwambia kijana, "Tumbo linaniendesha." Hakuniuliza nimekula nini wala natumia dawa gani. Alivuta boksi, akachukua mkasi, akanikatia kipande cha vidonge na kukisukuma juu ya kioo. "Kaka, meza hivi, kesho uko fiti." Nikakigeuza. Flajili! Nikatoa zangu mfukoni, nikaziweka pembeni ya zake, zinafanana mpaka rangi ya karatasi. Akaniangalia bila aibu: "Basi ongeza dozi."

Mimi ni dereva wa teksi za mtandaoni. Mtu wa ofisini akiharisha anasimama, anatembea hatua kumi, basi. Mimi nina abiria wa kuwahi ndege, foleni ya Barabara ya Nyerere haisogei, pembeni bodaboda wamenibana, na tumbo linaanza kuunguruma mpaka abiria anauliza kama gari lina tatizo. Nilimjibu ni geaboksi. Kipindi kile nilijua vyoo vyote kuanzia Gongo la Mboto mpaka Mnazi Mmoja: sheli ipi ina maji, sheli ipi mlinzi anataka mia tano, msikiti upi mlango wa nyuma hauna kufuli. Hiyo ramani bado ninayo kichwani na siigawi bure.

Ushauri ukaanza kumiminika. Mama mkwe: tafuna majani ya chai makavu. Jirani: chemsha majani ya mpera. Dereva mwenzangu: soda yenye chumvi. Abiria mmoja, mama mtu mzima, alinishauri nisiguse kabisa kitu chenye maziwa "mpaka mwezi uishe". Na dada mmoja mwenye mkoba wa virutubisho alinikalia siti ya mbele safari nzima kutoka Mbezi, akaniambia utumbo wangu una sumu za miaka mingi, unahitaji kusafishwa, dozi ni laki na ushee, na humo humo inatibu presha, sukari, uzito na nguvu za kiume. Nikamuuliza ndani kuna nini. "Bakteria wazuri." Wa aina gani? "Wazuri, kaka'ngu, wazuri!"

Hilo neno ndilo lililonichokonoa. Pale uwanja wa ndege, Terminal 3, ukisubiri abiria una muda wa kusoma mpaka simu ichemke, nami nikaanza kusoma.

Nilichokielewa ni hiki. Antibiotiki haichagui. Inaua wale walionivimbisha shavu, na inafyeka pia wale wa utumbo ambao kazi yao ni kumalizia chakula na kuwanyima wakorofi nafasi. Fikiria daladala iliyojaa: abiria wako wote wazuri wameshushwa ghafla kituo kimoja, siti tupu, na wahuni wako mlangoni. Kuharisha kwangu kulikuwa kumetokana na dawa yenyewe, jambo linalowatokea watu wengi. Kwa hiyo kijana wa mkasi alikuwa anataka kuwashusha hata wale wachache waliojificha chini ya siti.

Na hao bakteria wazuri wana majina, tena jina halitoshi, lazima ujue na ukoo. Aliyenivutia anaitwa Lactobacillus rhamnosus GG. Wanasayansi wawili wa Marekani, Sherwood Gorbach na Barry Goldin, walimpata mwaka 1983 kwenye utumbo wa binadamu mwenye afya, na hizo GG mbili ni herufi za majina yao ya ukoo. Mwaka 2020 wataalamu waliipangua familia nzima ya Lactobacillus, siku hizi jina lake rasmi ni Lacticaseibacillus rhamnosus, lakini kwenye maboksi wengi bado wanaandika la zamani, usihangaike. Sifa yake ni kwamba anavumilia asidi ya tumbo na nyongo, anafika chini akiwa hai, na ana vinywele mwilini vya kujishikiza kwenye ute wa utumbo. Hakai milele. Ukiacha kumla, baada ya muda anatoka zake. Akiwa humo ndani anatengeneza asidi inayowakera wabaya na kuusaidia ukuta wa utumbo usivuje.

Faida zake zimepimwa. Iliyosimama vizuri zaidi ni hii hii yangu: kupunguza kuharisha kunakoletwa na antibiotiki, hasa kwa watoto. Lakini yule dada wa mkoba asingekuambia kwamba mwaka 2018 ulitoka utafiti mkubwa Marekani, watoto karibu elfu moja wenye kuharisha na kutapika, nusu wakapewa GG na nusu wakapewa unga mtupu, na matokeo yakawa sawasawa. Kwa hiyo mtoto akiharisha ni ORS na zinki kwanza, hayo ya bakteria baadaye. Ukiona damu, au homa kali, au unakauka mdomo, nenda hospitali, acha kusoma habari zangu. Na mtu ambaye kinga yake iko chini sana, au mgonjwa aliyelazwa na mipira kwenye mishipa, asianze bakteria hai bila daktari kujua.

Dada yangu anaishi Uingereza. Alikuwa na mtu anakuja, akaniwekea kichupa cha kapsuli za huyo huyo GG. Bei sikumuuliza, ila kwa jinsi alivyorudia "usizimwage" nilijua si ya kwenda kununua kila mwezi. Kila kapsuli ina bakteria bilioni 10. Nikawa nameza moja mbali na antibiotiki, napisha angalau saa mbili, maana ukiwameza pamoja umewapeleka machinjioni. Antibiotiki zenyewe nilizimaliza, sikukatisha. Watu wanakatisha halafu jino linarudi na hasira.

Sasa kichwa cha dereva hakitulii. Nikitazama kapsuli nawaza: wako bilioni 10 humo, wako hai, wanaitwa bakteria wa maziwa. Kwa nini niwameze badala ya kuwafuga? Nikaingia mtandaoni, nikakuta jamaa kwenye video, aproni nyeupe, sauti ya upole: vunja kapsuli, mimina kwenye maziwa ya uvuguvugu, funika, lala, asubuhi una mtindi. Watu wamempongeza chini mpaka basi.

Nilifuata kila neno lake. Maziwa lita moja kwa yule kijana wa bodaboda anayeleta alfajiri kutoka kwa wafugaji wa huku kwetu, elfu mbili na kitu, wakati mwingine tatu akiona una haraka. Nikachemsha, nikapoza, nikavunja kapsuli mbili nzima za dada kwa roho nyeupe, nikafunika. Asubuhi nafungua mbele ya mke wangu, Mama Zai, nimeshamtangazia, kijiko kiko mkononi. Maziwa. Maziwa yale yale, yanacheza kwenye sufuria. Nikasema tuyape muda. Jioni bado maji, ila sasa yana harufu ya ajabu ambayo haikuwa mtindi na haikuwa maziwa. Mama Zai akainama, akanusa, akaenda kufungua dirisha. Paka wa jirani, ambaye hula mpaka maganda ya ndizi, alikisogelea kile kibakuli, akapiga chafya na kuondoka. Zile kapsuli mbili ukizipiga kwa pauni zilinikereketa kuliko harufu.

Sababu nilikuja kuipata kwenye habari za Waholanzi wa shirika la Yoba. Hawa walimchukua GG baada ya hati miliki yake kuisha, wakitaka watu wa vijijini huku Afrika Mashariki wamgandishe wenyewe kwa bei ndogo. Na wakakumbana na tatizo langu: GG hawezi kula sukari ya maziwa. Sukari hiyo, laktosi, inampita hivi hivi, na protini ya maziwa hawezi kuikata peke yake. Ukimtupia kwenye maziwa matupu umemfungia stoo yenye chakula cha kopo bila kifungulio. Walichofanya ni kumpa mwenzake, Streptococcus thermophilus, yule wa kawaida wa yogati. Huyo anaivunja laktosi, anakata protini, GG anakula yaliyokatwa na kuongezeka. Ndiyo hivyo! Jamaa wa aproni ama hajawahi kujaribu, ama alikuwa na mtindi mwingine chini ya meza.

Na mwenzake huyo yupo kila mtaa Dar. Yumo kwenye yogati isiyo na sukari, mradi iwe hai. Soma kifuniko: kama imeandikwa ina bakteria hai na inakaa kwenye friji, chukua. Kama inakaa rafuni miezi bila friji, hiyo imepikwa baada ya kugandishwa, wote wamekufa.

Likabaki suala la joto. GG anapenda joto la mwili, nyuzi 37, mwenzake anapenda 40 na zaidi kidogo, kwa hiyo ukiwaweka pamoja unatafuta katikati, na ikipita sana umewachemsha. Kipimajoto cha jikoni sina na sinunui. Nilichukua cha homa cha Zai, kile cha kubana kwapani, nikakisugua kwa spiriti. Ukikitumbukiza ncha kwenye maziwa ya moto kinaandika "Hi", maana kinadhani mgonjwa amepita kiwango. Unakizima, unaendelea kupoza sufuria kwenye beseni la maji, unakiwasha na kupima upya. "Hi". "Hi". Halafu ghafla kinasoma: 41, mara 40. Hapo hapo unatia vijiko viwili vya yogati, unavunja kapsuli moja, unakoroga taratibu. Hiyo ya kipimajoto cha homa ni yangu, sikuipata kwa mtu, na mwanangu sasa anawaambia wenzake shuleni kwamba baba anapima maziwa homa.

Chombo ni chupa ya chai. Isuuze kwanza kwa maji ya moto ndani, mimina, funga, vungia kanga, iache usiku mzima, hata umeme ukikatika haikuhusu. Ila isiwe chupa ya mdomo mwembamba. Mara ya kwanza nilitumia chupa ya mke wangu, ile ya maua ambayo hutoka wageni wakija tu. Asubuhi mtindi uligandamana humo safi kabisa, ukagoma kutoka. Nikaipindua, nikaitikisa, nikaingiza mpini wa kijiko. Ukawa unatoka kwa mafungu, plop, plop, juu ya sinia, na mimi nacheka peke yangu jikoni kama mwehu kwa sababu ulikuwa umeganda! Mzito, mchachu kiasi, juu maji kidogo ya kijanikijani. Mama Zai alionja kwanza, akanyamaza, akaonja tena, ndipo akaiona chupa. Wiki iliyofuata chai ya wageni ilikuwa na uchachu kwa mbali, shemeji akasifia tangawizi. Sasa nina chupa ya uji ya mdomo mpana, niliipata Kariakoo kwa elfu kumi na tano au ishirini, sikumbuki, nilikuwa nimepaki pabaya.

Tumbo lilitulia. Ningeapa ni kapsuli na mgando, ingawa najua pia kuharisha kwa antibiotiki mara nyingi huisha kwenyewe dawa zikiisha, na daktari wa meno alinikumbusha hilo huku akitabasamu kwa namna nisiyoipenda. Ila lipo moja ambalo hawezi kulipangua: mimi maziwa fresh yalikuwa yananijaza gesi tangu utoto, na mgando nakunywa glasi nzima kisha napanda gari. Hapo sifa ni ya yule Streptococcus na wenzake wa yogati, wanaendelea kuila laktosi mpaka ndani ya utumbo. Kwa hiyo yule mama wa "usiguse maziwa" alikuwa nusu sawa, nusu nyingine nimeinywa.

Watu wa Mwanza, nimekuja kujua, walituzidi zamani. Kina mama wa kikundi cha Tukwamuane walianza miaka ya mwanzo ya 2000, pamoja na chuo kikuu kimoja cha Kanada, kutengeneza mtindi wenye rhamnosus wa ukoo mwingine, GR-1, wakiwanywesha hata watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Mimi nilikuwa nadhani nimevumbua kitu Kitunda.

Mbegu huwa naweka kikombe kimoja pembeni kabla hatujagusa, nagandishia ya mara inayofuata. Usifanye hivyo bila kikomo. Kila ukirudia, yule wa yogati anazidi kuongezeka na GG anapungua, na vijidudu vya jikoni kwako navyo vinadandia. Ikishapita mizunguko michache mimi namwaga mbegu, nafungua kapsuli mpya. Zimebaki chache, nimemwandikia dada. Amejibu kwa kuuliza zile mbili za mwanzo zilienda wapi.