Tasbihi kwenye kioo cha daladala

Fizikia nilipata D, na sidhani kama nilionewa. Maana ya mchapuko (acceleration) tuliikariri kwa Kiingereza kama dua, tukaimwaga kwenye karatasi ya mtihani, basi. Nimekuja kuielewa nikiwa na miaka 39, siti ya mbele ya daladala, ubavuni kwa dereva.

Kwenye kioo cha ndani ilining'inia tasbihi. Dereva akikanyaga mafuta kutoka kituoni, inarudi nyuma, inanielekea mimi. Mshale wa spidi (ulikuwa mzima, maajabu ya daladala) ukitulia kwenye 36, tasbihi nayo inanyooka wima kana kwamba tumeegesha. Mara bajaji ikatuchomekea. Breki! Tasbihi ikaruka mbele, waliosimama dede wakamwagikiana, dereva akapewa maneno yake.

Nikapiga hesabu kwenye simu. Kilomita 36 kwa saa ni mita 10 kwa sekunde. Ukiondoka kituoni ukazifikisha kwa sekunde 8, kila sekunde umeongeza mita 1.25 kwa sekunde. Huo ndio mchapuko. Ukipiga breki ukazimaliza kwa sekunde 2, kila sekunde umepoteza 5. Mwendo ni uleule wa 36, ila breki imekuvuta mara nne zaidi ya kuondoka, tena kwa upande wa kinyume. Bomba lisiposhikwa hapo, ni mapajani kwa mtu.

Kilichonichanganya ni kipilefti. Mshale uko 20, haupandi wala haushuki, lakini tasbihi imelala kushoto na bega langu limebanwa mlangoni. Sasa mchapuko umetoka wapi? Kumbe kasi ya wanafizikia (velocity) si namba tupu kama spidi, ina na upande inakoelekea. Ukigeuza upande tu umeshaibadilisha, hata spidi isipoguswa, na kasi ikibadilika huo ni mchapuko. Nikakumbuka kile kimshale alichokuwa akikichora mwalimu wetu juu ya herufi, mwaka mzima, bila kutuambia ni cha nini. Nilidhani ni mapambo.

Juzi nilipanda treni ya umeme kwenda Morogoro, nikafunga funguo kwenye uzi na kuushika mkononi. Jirani yangu akaniangalia kama mganga. Spidi ilipofika 160 na reli imenyooka, funguo zilining'inia wima kama ukutani nyumbani. Tulipokaribia Ruvu ndipo zikaanza kuegemea mbele, taratibu, kabla hata hatujatangaziwa kituo.