Kodi ya miezi sita mkononi na bado nalala kwa watu

Leo ndo usiku wa kwanza nalala kwangu hapa Bogotá, Kolombia. Kwangu kwenyewe ni godoro chini na begi, basi. Nimevaa soksi pea mbili na sweta maana huu mji uko mita 2,600 huko juu na nyumba zake hazina kifaa cha joto, ukilalamika unaambiwa jifunike, na mimi mtoto wa Temeke baridi nilikuwa naijua kwenye friji tu.

Wiki tano nimetafuta chumba jamani. Natoka Dar najiona nimejipanga, kodi ya miezi sita ipo, ya dalali nimeitenga pembeni, maana mi ndo ninavyojua nyumba zinatafutwa hivyo, unamkuta dalali kijiweni, unampa ya kukuzungusha, anakuonyesha vyumba vitatu vibovu ili cha nne ukipende, unalipa, jioni ushahamia. Mwenye nyumba hata jina la baba yako haulizi.

Huku ofisi ya kwanza, mtaa wa Chapinero, dada akaniuliza fiador wako nani. Nikadhani ni fomu. Kumbe mdhamini, na sio wa kusaini tu kama tunavyodhaminiana polisi, anatakiwa awe na nyumba yake hukuhuku Kolombia, isiyo na mkopo, ili mi nikiingia mitini wamkamate yeye. Nina wiki mbili nchini! Ninayemjua ni jamaa mmoja wa darasani, na yeye kapanga. Nikamwambia dada basi nalipa miezi sita yote leoleo. Akanyamaza, akamwangalia mwenzake, nikaona kabisa wanawaza hizi hela huyu kazitoa wapi. Dar ningeagiziwa soda.

Baadaye nikaja kuelezwa kwamba sheria yao namba 820 ya 2003 inamkataza mwenye nyumba kuchukua amana kwenye nyumba ya kuishi. Safi kabisa kwa mpangaji, ila mwenye nyumba ukimbana huku anashikia kule, ndo ukaja huo ufiador, au ukate bima ya kodi, na watu wa bima nao wanataka salari slipu na kitambulisho cha mgeni, changu kilikuwa hakijatoka. Ofisi nne, jibu lilelile. Zenye fanicha za wageni zipo, hawaulizi kitu, lakini kwa ile bei ningekula wali mkavu mpaka nimalize shule.

Halafu kuna estrato. Nyumba zinapewa namba, 1 mpaka 6, mpaka kwenye bili ya umeme unaikuta, wa 5 na 6 wanalipa zaidi ili wa chini wapunguziwe. Sio mbaya, ila watu wanapimana nayo. Nilitaka kushangaa nikakumbuka kwetu ukisema unakaa Masaki mtu anavyobadilisha sauti, sisi tumekosa namba tu.

Nilichopata nimekipata kwa miguu. Jumamosi mchana nakatiza Teusaquillo, dirishani kuna karatasi ya kalamu nene, SE ARRIENDA, yaani inapangishwa. Nikabonyeza kengele. Akatoka bibi mmoja kajitanda ruana, lile blanketi lao la sufu, akasema siga, sumercé. Hilo sumercé ni neno lao la heshima la zamani, ila lilivyomtoka nilisikia kabisa "pita mwanangu". Akanikalisha jikoni, akanipa chokoleti ya moto na kipande cha jibini, nikala jibini, akacheka, kumbe inatumbukizwa kwenye kikombe ilainike.

Hakuuliza mshahara. Kauliza napika nini, nasali wapi, mama yangu anajua niko huku? Nikasema ngoja nimpigie. Dar ilikuwa saa nne usiku, mama kapokea video na kanga kichwani, wakaanza, huyu Kihispania huyu Kiswahili, mi natafsiri mpaka nikaona hawanihitaji nikanyamaza. Mwisho mama akasema, mwambie huyo bibi, mtoto namkabidhi yeye. Hiyo nikaitafsiri.

Bibi akavuta fomu ya mkataba, zile zinazouzwa dukani kwenye madaftari, akavaa miwani, akajaza taratibu. Alipofika kwenye mstari wa fiador akaniuliza herufi za jina la mama, akaliandika.

Mama mwenyewe kapanga.