Dagaa wa Ziwa Victoria: kilo za mtumbwi zinavyoficha upungufu

Daftari la mwaloni likionyesha mitumbwi inarudi na kilo zilezile za dagaa mwaka hadi mwaka, usikimbilie kuandika kwamba dagaa hawajapungua. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwakusanya. Ziwa linaweza kupoteza sehemu kubwa ya dagaa wake, waliobaki wakaendelea kujaa chini ya mwanga, na mvuvi akarudi na mzigo uleule. Chewa (samaki wa baharini aina ya cod) wa Newfoundland, Kanada, walipotea hivyo hivyo: kilo za meli za biashara zilionekana nzuri huku samaki wakiisha, na mwaka 1992 uvuvi wao ukafungwa.

Ili kuona ukweli unahitaji modeli, yaani hesabu ya takwimu inayotenganisha wingi wa samaki na mambo kama mwezi na taa, nayo huanzia kwenye daftari. Kila mstari uwe safari moja ya mtumbwi mmoja: tarehe, mwalo, saa za kuvua, idadi na aina ya taa, tundu la wavu, injini au kasia, kilo. Mtumbwi uliorudi mtupu uandikwe 0. Karani akiwasubiri wenye samaki tu, mwaka mbaya utafanana na mwaka mzuri, na hakuna hesabu ya baadaye itakayoziba pengo hilo. Ndoo na beseni za mwalo husika zipimwe kwa mizani, dagaa wakiwa wabichi. Ukichanganya na uzito wa waliokaushwa, umeharibu kila kitu.

Kisha mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti vizuri. Karani akifika siku za giza mwaka huu, na mwaka ujao akafika mwezi mpevu, tofauti utakayoiona ni ya mwezi wala si ya samaki. Usigawe siku kuwa giza na mwanga tu: tumia umri wa mwezi katika mzunguko wa siku 29.5, uuingize kama sini na kosini, namba zinazopanda na kushuka kwa mzunguko kama mwezi wenyewe.

Taa ndizo zinazodanganya zaidi. Tuseme mtumbwi wa taa 3 ulipata kilo 90 kwa usiku, na miaka kadhaa baadaye mtumbwi wa taa 6 ukapata kilo 120 kwa saa zilezile. Kwa mtumbwi, kilo zimeongezeka kwa theluthi. Kwa taa, zimeshuka kutoka 30 hadi 20. Majibu yote mawili hayafai, kwa sababu taa ya sita haileti samaki wengi kama ya kwanza. Ingiza logi (logariti) ya idadi ya taa dhidi ya logi ya kilo, modeli ikadirie yenyewe kipeo cha taa. Ikitoa 0.6, kuongeza taa maradufu kunazidisha mavuno mara 1.52, hivyo tulitarajia kilo 136. Tumepata 120: pungufu ya asilimia 12.

Ila kama mwalo mzima uliacha karabai na kuhamia taa za LED ndani ya mwaka mmoja, modeli haiwezi kutenganisha taa na mwaka. Hapo inabidi mitumbwi ya taa za aina zote mbili ivue usiku mmoja, eneo moja, mara nyingi.

Sifuri nazo, ambazo hazina logi, usizifiche kwa kujumlisha kilo 1 ili logi ikubali. Ukibadili 1 kuwa 0.1, mwelekeo wa miaka nao hubadilika. Tengeneza modeli mbili, uwezekano wa kupata chochote na kilo za waliopata, kisha zidisha. Mtumbwi uliopimwa mara 40 si mashahidi 40: upe athari yake ya nasibu (tofauti yake binafsi na mitumbwi mingine), la sivyo utajiamini kupita kiasi.

Mwisho linganisha kielezo chako cha miaka, yaani mavuno ya kila mwaka ambayo modeli inakadiria taa na mwezi vikiwa sawa, na vipimo vya mawimbi ya sauti kutoka kwenye meli ya utafiti. Vikiachana, kadiria kipeo kinachofunga kielezo na wingi halisi wa samaki (kielezo hufuata wingi ulioinuliwa kwa kipeo hicho). Kikiwa 1, vinashuka pamoja. Kikiwa 0.5, kielezo kilichoshuka asilimia 30 maana yake nusu ya dagaa wameshaondoka.