Hoki ya miji midogo: kagua mtambo kabla ya kuhesabu mashabiki

Timu ya hoki ya barafuni ikihama mji mdogo wa Marekani, wa kwanza kulaumiwa ni mashabiki: eti hawakujaa ukumbini. Yaliyotokea Manchester, New Hampshire, mashariki mwa nchi, yanatosha kuitia shaka hoja hiyo. Januari 2015 ilitangazwa kwamba timu ya Monarchs inapelekwa California. Juni ikatwaa Kombe la Calder, ubingwa wa AHL, ligi iliyo ngazi moja tu chini ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini. Ikahama vilevile, na kombe lake mkononi.

Sababu ilikuwa umbali. Monarchs walikuwa wakilea vijana wa Los Angeles Kings, klabu ya NHL iliyoko California, na klabu kubwa ikipata majeruhi asubuhi humtaka mbadala jioni. Klabu za magharibi zikachoka kuwavusha watu bara zima. Mwaka huohuo Worcester ilipoteza timu kwa San Jose, Norfolk kwa San Diego, Glens Falls kwa Stockton. Kwa hiyo la kwanza kuuliza ni hili: nafasi ya timu kwenye ligi ni mali ya nani? Ikiwa ni ya klabu ya NHL, mji hauna sauti. Glens Falls, yenye watu wapatao 15,000, ilipata timu ya ECHL, ngazi inayofuata, ambayo baadaye iliingia mikononi mwa wenyeji waliokuwa wakiendesha ukumbi. Manchester nayo ilipewa ya ECHL; ilivunjwa 2019.

La pili ni kalenda. Msimu wa ECHL una mechi 72, nusu nyumbani, na fedha huingia Ijumaa na Jumamosi. Ukumbi ukizigawa siku hizo kwa matamasha, timu inaachiwa Jumanne na viti vitupu. Soma pia mkataba wa upangaji: mauzo ya bia, chakula na maegesho yanakwenda kwa nani? Timu inayoishi kwa tiketi pekee haifiki mbali, maana basi la safari na nyumba za wachezaji ni juu yake.

La tatu halizungumzwi, na ndilo linaloziua kumbi kimyakimya: mtambo wa kugandisha. Uwanja ni kama mita 61 kwa 26, barafu yake unene wa sentimita tatu hivi. Chini yake kuna zege lenye mabomba yanayopitisha maji ya chumvi ya kalsiamu, baridi kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Barafu ikiachwa inenepe, yenyewe inakuwa blanketi: kompresa inahangaika, bili ya umeme inapanda. Ndiyo maana fundi makini hutoboa vishimo na kupima unene mara kwa mara.

Mitambo mingi ya zamani ilijengwa kwa gesi ya kupozea iitwayo R-22, ambayo Marekani ilipiga marufuku kuitengeneza na kuiingiza nchini tangu Januari 2020. Iliyobaki ni ya akiba au iliyosafishwa upya. Kubadilisha gesi si kumwaga hii na kujaza ile. Mara nyingi oili na vizuizi vya uvujaji navyo hubadilishwa, na nguvu ya kupoza inaweza kushuka. Amonia hupoza vizuri na haina bei kubwa, lakini ni sumu: ilipovuja kwenye ukumbi wa barafu wa Fernie, British Columbia, Kanada, Oktoba 2017, iliua watu watatu. Inadai vitambuzi, feni na wafanyakazi waliofunzwa.

Baya zaidi liko ndani ya zege. Kiwango cha maji ya chumvi kikishuka tangini na barafu ikalegea kwenye mstari mmoja, shuku bomba lililoliwa na kutu. Sakafu ikivimba, huenda udongo chini yake umeganda kwa sababu mfumo wa kuupasha joto umekufa. Vyote viwili vinaweza kumaanisha kuvunja zege. Halmashauri, bila shaka, hupenda kununua ubao mpya wa matokeo, kwa kuwa huo wapiga kura wanauona.

Johnstown, Pennsylvania, iliachwa na timu yake ya ECHL mwaka 2010, ikapata ya vijana 2012. Njia hiyo inafaa, ila bajeti ipangwe upya mapema: umeme wa kugandisha haupungui kwa sababu wanaocheza ni vijana wasiolipwa. Kinachopungua ni kiingilio.