Aliombwa Ruhusa?

Wiki hii posa ya Zuhura imepokelewa, wakaguzi wameondoka ofisini bila kumng'oa mtu, na mimi kichwani nina swali la Kaka tu.

Ilikuwa Jumapili, kwake. Kapanda kigoda anafungua feni ya sebuleni, bisibisi mkononi, parafujo mbili kazibana kwa midomo. Nikamwekea wimbo "Historia de un amor", alivyouimba Luz Casal, kwenye simu. Kihispania hatujui hata salamu, lakini aliusikiliza hadi mwisho, bisibisi imetulia.

"Huyu mpenzi wake kamkimbia?"

Nikamweleza. Aliyeutunga ni Mpanama, Carlos Eleta Almarán, mwaka 1955, baada ya mke wa kaka yake kufariki. Kifo hakitajwi popote. Anayeimba analalama kwamba mwenzake hayuko tena kando yake, kwamba kumpenda kulikuwa dini, na kwa nini Mungu ampe penzi la kumzidishia mateso. Kwa hiyo wengi huusikia kama wimbo wa walioachana. Dalida kauimba kwa Kifaransa, Cesária Évora naye kaurudia.

Kaka akatoa parafujo mdomoni.

"Na huyo kaka mtu, aliombwa ruhusa?"

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kuimbiwa msiba wake."

Nikaenda jikoni kuangalia maharage ambayo hayakuwa na shida yoyote.

Nyinyi mnajua niliyoyaandika hapa tangu wifi atutoke: kanga zake, ile simu iliyokuwa ikiita kabatini. Kaka hasomi mambo haya, au ndivyo nilivyodhani. Alikuwa ananiuliza mimi? Au aliuliza tu, kama anavyouliza bei ya nyanya asizonunua? Nimelirudia swali kwenye daladala, kwenye kikao, nikisuuza vyombo. Kuna saa namjibu kwa hasira kimoyomoyo: ungesema mwenyewe basi! Mwanamume akifiwa huku kwetu, arobaini ikipita anaulizwa ataoa lini. Halafu mbona Eleta hakuimba "kaka yangu"? Kaimba "mimi". Kaubeba msiba wa nduguye akaulia kama wake, na labda kweli ulikuwa wake pia. Wifi yangu alinisuka nywele miaka yote ile. Mimi nimwombe nani ruhusa?

Jana usiku Kaka akapiga. Nikajua ndiyo hiyo, leo nitasemwa.

"Huyo Eleta wako ndiye yule meneja wa Roberto Durán?"

Ndiye. Kijana wake kamtafutia mtandaoni. Basi Kaka, mtu wa ngumi tangu enzi za redio ya mbao, alicheka mpaka akapaliwa: meneja wa bondia aliyeitwa Mikono ya Jiwe, kumbe ndiye mtunzi wa kilio kile! Nikasimuliwa upya pambano la 1980, Durán alivyompa Leonard mgongo raundi ya nane akakataa kuendelea. Nimeshalisikia tangu utotoni. Jana ningelisikiliza hadi alfajiri. Hajacheka vile tangu msiba.

Kabla ya kukata akasema, "Nitumie ule wimbo." Nimeutuma. Kaufungua, hajasema kitu, nami sitamuuliza.

Wakwe wanakuja Jumamosi na mlango wa choo cha uani haufungi. Fundi anasema kesho tangu Jumatatu, na leo simu yake haipatikani.