Chura wa kwenye kifuu

Masika ya mwaka juzi nilikuwa shambani kwa shangazi, kijijini Pete, pembezoni mwa msitu wa Jozani, kisiwani Unguja. Nilifukua majani makavu nikamkuta chura wa rangi ya udongo. Nilimpima kwa rula: milimita 21. Nikaandika kwenye daftari "mtoto wa chura wa uani", nikamwachia.

Shangazi alikataa. "Hao hawakui, mwanangu. Tangu naolewa hapa wako hivyo hivyo."

Neno lile halikunitoka. Jumamosi tatu mfululizo nilirudi, na safari hii sikutafuta chura, nilitafuta maji yenye viluwiluwi wake. Nilichungulia mashimo ya maweni, matundu ya miti, hata magamba ya konokono waliokufa. Kwenye kifuu kilichojaa maji ya mvua ndipo nilipowaona viluwiluwi wachache weusi. Nilimchota mmoja kwa kijiko, nikamkuza kwa kamera ya simu. Kichwani ana duara la nyama linalozunguka macho na matundu ya pua, mfano wa kata anayoweka mwanamke kabla ya kujitwisha ndoo. Kiluwiluwi wa chura wa uani hana kitu hicho, na mama yake hutaga mayai kwa maelfu, nyuzi kwa nyuzi, kwenye madimbwi ya wazi.

Jina la kisayansi likapatikana: Mertensophryne micranotis. Mtaalamu wa wanyama Arthur Loveridge ndiye aliyemtangaza kwa wanasayansi mwaka 1925, kutokana na vyura wa Kilosa. Mtu mzima wao hafiki milimita 25. Dume na jike hukutana tumbo kwa tumbo, na mayai hurutubishwa ndani ya jike, jambo adimu mno kwa vyura.

Yupo pia kusini mashariki mwa Kenya, mashariki mwa Tanzania bara na kisiwani Songo Songo. Aliivukaje bahari, na ngozi ya chura haihimili chumvi? Naamini hakuvuka. Mkondo wa bahari kati yetu na bara ni wa kina kifupi. Enzi za barafu bahari iliposhuka, Unguja ilishikana na bara. Alikuwepo hapa kabla hatujawa kisiwa, na hilo bado linanisisimua.

Shangazi hutumia vifuu kuwashia moto. Sasa huacha vitano sita ukingoni mwa msitu, mbali na nyumba kwa sababu ya mbu. Akinipigia simu wakati wa mvua, salamu zikiisha tu ananipa habari za vifuu.