Nilijua taya, wao walitaka kromosomu

Matokeo ya USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, hutoka Jumatano. Niliyafungua nikiwa garini, kwenye maegesho ya nyumba ya wazee niliyokuwa nafanya kazi huko Columbus, Ohio, zamu ya usiku ikiwa ndiyo kwanza imeisha. 187. Mwaka ule, 2021, mpaka wa kufaulu Step 1, hatua ya kwanza ya mitihani hiyo, ulikuwa 194.

Alama saba. Chuoni Dar es Salaam tungesema nimekula sapu, yaani mtihani wa marudio, na sapu ina mila zake: unataniwa kidogo, unakatisha likizo, unaandika karatasi yako, yanaisha. Hii ya Marekani inabaki kwenye rekodi yako, hata ukifaulu baadaye. Ada ya kurudia ilikuwa karibu dola elfu moja, na mimi nilikuwa nabeba boksi kama wanavyobeba wengine: kugeuza wazee kitandani, kubadilisha nepi, kulisha. Nyumbani nilikuwa daktari wa wilaya. Hapa nilikuwa yule kijana mpole wa usiku.

Wiki mbili sikugusa kitabu. Mama alipiga simu kutoka Songea, nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Majibu bado tu, baba?" Nikasema bado. Uongo huo niliulea miezi saba.

Mtu niliyemwambia ni mama mmoja wa Kenya tuliyekuwa tunashirikiana naye zamu. Ilikuwa saa tisa usiku, tumeshika shuka moja, mimi upande huu yeye upande ule, tunamgeuza mzee aliyelala fofofo.

"Mama, ule mtihani nimefeli."

Hakuacha kuvuta shuka. "Pole, daktari. Ulianguka wapi hasa?"

"Sijui."

"Basi ujue kwanza, ndio urudie."

Nilinunua daftari la dola moja. Kila swali la mazoezi nililokosa, sikunakili jibu sahihi. Niliandika kwa nini nilichagua nililochagua. Kazi ya aibu kweli. Maswali ya mtihani wenyewe haturuhusiwi kuyasimulia, na sitayasimulia, lakini ya mazoezi hayana neno. Hili hapa moja: mkulima anakohoa wiki kadhaa, amepungua uzito, ana homa, picha ya kifua ina madoa. Mimi, bila kupepesa, TB. Nani asingesema TB? Maelezo yalikuwa yametaja kwamba anaishi bonde la mto Ohio na alikuwa amefagia banda kuukuu la kuku. Jibu lilikuwa histoplasmosisi, ugonjwa wa fangasi wanaokaa kwenye udongo wenye kinyesi cha ndege na popo, ukiwatafuta kwa hadubini unawakuta wamejificha ndani ya makrofaji, seli za kinga za mwili. Nilikuwa na miaka miwili naishi Ohio. Mto Scioto, unaomwaga maji yake katika huo mto Ohio, nilikuwa nauvuka kila siku kwenda kazini.

Daftari lilipofika katikati, mambo yalijianika. Kurasa kwa kurasa nilikuwa nawatibu watu wa Songea. Homa ya mtoto niliipa malaria, wengu mkubwa niliupa kichocho, na mgonjwa yeyote aliyekonda nilimtafutia virusi vya UKIMWI. Ndivyo nilivyofunzwa, na kule nilikuwa napatia.

Hata pale nilipokuwa nyumbani kabisa, nilikosa. Limfoma ya Burkitt: saratani ya tezi za limfu iliyopewa jina la daktari mpasuaji aliyeieleza akiwa Uganda, na mimi watoto wenye ugonjwa huo nimewaona kwa macho yangu wodini, taya limevimba, meno yamelegea mpaka mama anaogopa kumpa mwanawe ugali. Nimeona vilevile uvimbe huo ukinywea ndani ya siku chache baada ya dawa, mtoto akaanza kudai chai. Swali halikuuliza hata kimoja cha hivyo. Liliuliza kromosomu zipi zimebadilishana vipande. Ya 8 na ya 14. Nilijua taya, wao walitaka kromosomu. Nilikasirika siku nzima, halafu nikaiandika kwenye kikaratasi nikakibandika juu ya sinki. Mke wangu aliosha vyombo akiitazama mpaka naye akaishika.

Wenzangu walinishauri nisubiri. Kuanzia tarehe 26 Januari 2022 Step 1 ingeacha kutoa alama, ni kufaulu au kufeli tu. Ushauri ulikuwa na akili ndani yake, lakini muda wangu niliopangiwa kufanya mtihani ulikuwa unaisha Desemba, na idadi ya mara unazoruhusiwa kuufanya ilikuwa imepunguzwa mwaka uleule, kutoka mara sita hadi nne. Zaidi ya yote nilikuwa nimechoka kumdanganya mama. Nikachagua Desemba.

Usiku wa kuamkia mtihani niliomba ruhusa, nikanyimwa. Watu walikuwa wachache. Nikafanya zamu mpaka saa moja asubuhi, yule mama akabeba vyumba vyangu vinne ili nipate saa mbili za kulala kwenye kiti. Kisha moja kwa moja kituo cha mtihani, barakoa usoni. Maswali 280, sehemu saba, saa nane za kukaa.

Mlangoni wanakukagua kama uwanja wa ndege. Kila kitu kwenye kabati, alama ya kidole, mikono juu, kifaa cha kutafuta chuma kinakupita mbavuni. Msimamizi akaniambia nigeuze mifuko nje. Nikageuza wa kulia, ukatoka mtupu. Nikageuza wa kushoto, ikaanguka glavu moja ya kazini, ya bluu, imejikunja ndani nje jinsi tunavyozivua.

Aliitazama, akanitazama. "Wewe ni nesi?"

"Natoka kazini," nikasema.

Akanisogezea pipa kwa mguu. Nikainama nikaitupa, nikasaini, nikaingia.